Mbwa Mlinzi Aliyezeeka na Malazi Mapya ya Usiku

Miongoni mwa mashauri yanayofikishwa kwa mashefu wa mitaa na kwa polisi hapa Bujumbura, kelele za mbwa wakati wa usiku huhesabiwa kuwa jambo dogo. Mlalamikaji mwenyewe huanza kwa kuomba radhi, kana kwamba anaona haya kumsumbua askari kwa ajili ya mnyama. Hata hivyo jambo hilo dogo lina mkia mrefu. Jirani asiyepata usingizi siku tatu hutukana, aliyetukanwa hujibu, na wakati mwingine kipande cha nyama chenye sumu ya panya hurushwa juu ya ukuta, ambacho huenda kikaokotwa na mbwa, na huenda pia kikaokotwa na mtoto.

Somo la toleo hili linamhusu mbwa wa namna moja tu: yule aliyelinda nyumba kwa miaka mingi, sasa amezeeka, na mahali pake pa kulala pamebadilishwa. Tumemchagua yeye kwa kuwa mbwa kijana hulia siku mbili akazoea, lakini mzee asiposaidiwa aweza kulia mwezi mzima, na mtaa mzima ukalia pamoja naye.

Sababu za kubadilisha malazi ya mbwa ni nyingi. Katika mji wetu iko moja iliyozidi nyingine katika miaka hii, nayo ni maji. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukazamisha sehemu kubwa ya Gatumba, na maelfu ya watu wakayahama makazi yao. Miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika nyua za watu waliojenga kandokando yake, hata katika sehemu za Kibenga na Kinindo; na Aprili 2024 serikali pamoja na Umoja wa Mataifa ilitoa wito wa msaada kwa ajili ya walioathiriwa na mvua na mafuriko. Wenye uwezo wa kuhama walihamia mitaa ya juu, wakapanga nyumba kwa haraka, kila mmoja akipata alichopata. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Msemo huo ulitungwa kabla ya ufuko wenyewe kuhama.

Tumfikirie basi mbwa wa nyumba kama hiyo. Kwa miaka kumi amelala chini ya mwembe, hatua ishirini kutoka langoni, katika uwanja mpana ambao kila harufu yake anaijua. Usiku alisikia mawimbi, na mara moja moja kiboko aliyetoka majini kuja kula majani. Sasa amefungwa kwa mnyororo kwenye kijia cha saruji kati ya jiko na ukuta, katika kiwanja chenye familia tatu, mahali ambapo kila anayekwenda msalani saa nane za usiku hupita mbele ya pua yake. Mwenye mbwa hashangai kwamba yeye mwenyewe halali vizuri katika nyumba mpya, ila hushangaa kwamba mbwa halali.

Wengine hubadilisha malazi bila kuhama. Wameajiri mlinzi wa usiku, na kibanda cha langoni kimekuwa chake. Wameleta mbwa kijana, naye kampokonya mzee nafasi yake. Au wamemwonea huruma, kwa kuwa mvua za Machi na Aprili zinamlowesha, wakamleta barazani. Nia ni njema, lakini mbwa haelezwi nia. Ajuacho ni kwamba jua limetua na mahali pake hapapo.

Mwili unaolala kwa taabu

Mwenye kutaka kumsaidia mbwa mzee budi ajue kwanza kwamba usingizi wake si ule wa zamani. Mbwa wakubwa wa umbo huanza kuhesabiwa wazee wapatapo miaka saba hivi. Wadogo huchelewa kidogo. Viungo vya nyonga na magoti hukakamaa, na saruji yenye baridi huvizidisha maumivu, ndiyo maana mzee huinuka, huzunguka, hulala, kisha huinuka tena. Kibofu hakishiki mkojo hadi alfajiri. Masikio huzibika polepole, hata mwenye mbwa hudhani kwamba amekuwa mkaidi. Mboni za macho hugeuka rangi ya buluu yenye ukungu; mchana bado anaona vya kutosha, ila katika giza anagonga ndoo ambayo haikuwepo jana.

Juu ya hayo yote uko uchakavu wa akili yenyewe. Mbwa hupatwa na hali inayofanana na ile ya wazee wa kibinadamu wanaosahau majina ya watoto wao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, nchini Marekani, uliotangazwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba miongoni mwa mbwa wenye umri wa miaka 11 hadi 12, asilimia 28 walikuwa na dalili moja au zaidi ya hali hiyo; kwa wenye miaka 15 hadi 16, waliokuwa nayo ni asilimia 68. Dalili zenyewe ni hizi: kupotea ndani ya ua anaoujua, kukaa upande wa bawaba akingojea mlango ufunguke, kutomtambua mtu wa nyumbani, kujisaidia mahali asipopazoea, na kugeuza mchana kuwa usiku. Hii ya mwisho ndiyo inayoleta watu ofisini kwetu. Mbwa hulala kutwa, na ifikapo saa sita ya usiku huanza kutembea huku na huku akilia kwa sauti moja ndefu isiyomwelekea mtu.

Mbwa wa namna hii akihamishwa hupoteza vitu viwili kwa pamoja. Kumbukumbu ya kichwani imepungua, na ile iliyokuwa ardhini, yaani harufu na njia alizozikariri kwa miguu, imeachwa kule alikotoka. Mtu aliyepofuka hutembea nyumbani kwake bila fimbo. Mpeleke nyumba nyingine, atahitaji mkono.

Kabla ya yote: je, ni uzee?

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asisome haraka. Uzee huja polepole, kwa miezi. Mbwa aliyebadilika kwa siku mbili tatu hajazeeka katika siku hizo. Ana ugonjwa au ana maumivu, na daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Mwenye kunywa maji mengi na kukojoa usiku kucha aweza kuwa na kisukari au maradhi ya figo. Mwenye kutetemeka na kukataa chakula aweza kuwa na homa iletwayo na kupe, ambayo si ngeni katika nchi zetu.

Na kiko kichaa cha mbwa. Mbwa mpole anakuwa mkali ghafla, au mkali anakuwa mpole kupita kiasi na kutafuta kona yenye giza. Sauti yake inabadilika. Mate yanamtoka, taya linalegea, hawezi kumeza. Anauma vitu visivyoumwa, kama mawe na vijiti. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba mbwa wake “amezeeka tu” huenda asizione dalili hizi hadi zimekwisha kumgusa mtoto. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu mia wanaoambukizwa, 99 huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kabla ya dalili, chanjo huokoa.

Kwa hiyo aliyeumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wa nyumbani kwake, hata na mzee asiye na meno mengi, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asipake majivu wala mafuta ya gari, wala asifunge jeraha kwa kitambaa kabla ya kuliosha. Mbwa aliyeuma, akiwa mzima na anajulikana, asiuawe. Afungiwe mahali salama akaangaliwe na mtaalamu kwa siku 10, kwa kuwa hali yake katika siku hizo humsaidia daktari kujua ni hatari gani iliyomkabili aliyeumwa. Mara nyingi watu humpiga mbwa hadi kufa ndani ya dakika tano, na pamoja naye wakaifukia habari ambayo daktari aliihitaji.

Kadi ya chanjo ya mbwa na ihifadhiwe pamoja na karatasi nyingine za nyumbani. Katika kuhama hupotea upesi, na jirani mpya ana haki ya kuiulizia.

Namna ya kumhamisha

Ikiwa daktari amethibitisha kwamba ni uzee, kazi inayobaki inahitaji subira kuliko fedha.

Jambo la kwanza ni matandiko. Gunia au godoro kuukuu alilolalia lisifuliwe wala kutupwa. Tunajua kwamba linanuka, na mama wa nyumba aliyehamia nyumba safi hataki kuliona. Harufu hiyo ndiyo nyumba yake ya zamani, na ndiyo kitu pekee kinachoweza kupakiwa garini. Litandikwe mahali papya kabla mbwa hajafika. Baada ya majuma machache, akishakuzoea, litafuliwa nusu, kisha nusu nyingine.

La pili ni mchana. Mbwa mzee asioneshwe malazi mapya kwa mara ya kwanza gizani. Aletwe asubuhi, aachwe anuse pembe zote bila kuvutwa, apewe chakula hapo hapo, alale usingizi wake wa mchana hapo. Kwetu jua hutua karibu saa 12 jioni mwaka mzima, kwa hiyo mwenye kuhama mchana kutwa akashusha mizigo hadi magharibi humfikisha mbwa wakati ulio mbaya kuliko wote. Ikiwezekana, mbwa na atangulie pamoja na mtu mmoja anayemjua, hata kama vyombo vitakuja alasiri.

Kwa asiyehama, bali anasogeza malazi ndani ya ua ule ule, njia nyepesi ni kusogeza kidogo kidogo. Gunia lililokuwa langoni liende hatua mbili kuelekea barazani leo, hatua mbili nyingine baada ya siku mbili. Ni kazi inayochekesha watoto, nayo huzaa matunda kuliko kumburuta mbwa kwa kamba usiku mmoja na kumfungia.

Mahali penyewe pawe vipi? Pasiwe saruji tupu. Vipande vya mbao vilivyoinuliwa juu ya matofali, kiasi cha kiganja kimoja kutoka chini, juu yake majani makavu au sponji iliyovikwa gunia, vyatosha. Pasiwe juu sana, kwa maana magoti hayapandi. Kama ni kibanda, mlango uwe mpana, kwa kuwa mzee hugeuka kwa shida, na bati lisiwe chini karibu na kichwa chake. Mvua kubwa ya Aprili juu ya bati humtia wazimu hata asiyesikia vizuri, maana huisikia kwa mwili. Njia ya kutoka kwenye malazi hadi mahali pa kukojoa iwe wazi na ile ile kila siku: ndoo, baiskeli na mawe ya kupikia viondolewe. Taa ndogo ikiachwa inawaka, mwenye macho yenye ukungu hutulia. Na umeme ukikatika, taa ya jua ya bei nafuu inatosha. Maji ya kunywa yawe karibu, katika chombo kizito kisichopinduka.

Baadhi ya wasomaji wetu, hasa ndugu zetu Waislamu wa Buyenzi na Bwiza, watauliza kama tunawashauri kumwingiza mbwa nyumbani. La. Wanaofuata madhehebu ya Shafii wanajua hukumu ya mate ya mbwa na chombo alichokiramba, wanajua pia kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo ameruhusiwa. Yote tuliyoyataja yanawezekana nje, chini ya upenu, upande usiopigwa na mvua. Mbwa hahitaji zulia la sebuleni. Anahitaji pakavu, pajulikane, na pasipo mnyororo mfupi. Kuhusu mnyororo tuseme wazi: mbwa mzee anayefungwa mahali papya kwa mnyororo wa hatua moja hawezi kufuata haja yake, hujichafua, huona fedheha yake kwa namna ya mbwa, na hulia. Afadhali ua ulio na lango lifungwalo vizuri, au kamba ndefu isiyomkaba.

Ratiba ndiyo inayobaki. Ale saa ile ile, mapema jioni, ili tumbo na kibofu vipate nafasi. Atembezwe kidogo mchana, polepole, ili asilale kutwa nzima. Kabla ya watu kulala, tuseme saa 3 usiku, mtu mmoja amtoe akakojoe, amrudishe, aseme naye neno lile lile kila siku, azime taa kubwa aondoke. Anayeamka saa nane usiku kwa sababu ya kibofu atolewe tena bila mazungumzo wala chakula. Ukimpa kipande cha mkate usiku huo, kesho atakuamsha kwa ajili ya mkate.

Akilia usiku

Usiku wa kwanza atalia. Mwenye nyumba na alale karibu, barazani au penye dirisha lililo jirani naye, kwa siku mbili tatu, kisha ajitenge kidogo kidogo. Sauti ya mtu anayemjua, ikitamkwa mara moja kwa utulivu, humrudisha wengi waliopotea. Kwa kiziwi, kiganja kilichowekwa chini karibu na pua yake hufanya kazi ya sauti. Asiguswe kwa nyuma akiwa usingizini: mbwa asiyesikia huamka kwa hofu, na meno huwahi kabla ya akili. Visa vya mbwa “aliyemgeukia mtoto wa nyumbani” mara nyingi huanzia hapo, mtoto akimkumbatia mzee aliyelala.

Asipigwe. Fimbo humfundisha mbwa kijana jambo baya; mzee aliyechanganyikiwa haimfundishi lolote, kwa kuwa hajui amefanya nini, wala asubuhi hatakumbuka. Na asipewe dawa za watu. Dawa ya maumivu tunayonunua bila cheti, iwe parasetamoli au ibuprofeni, yaweza kumharibu mbwa ini, figo au tumbo, na kumwua. Wapo pia wanaompa pombe ili alale. Hawa hatuna neno la kuwaambia zaidi ya kwamba waache. Madaktari wa mifugo wanazo dawa zinazofaa kwa viungo na kwa usingizi, na kipimo chake hutegemea uzito wa mnyama.

Juma la kwanza ndilo gumu. Ikiwa baada ya majuma matatu hakuna nafuu yoyote, turudi kwa daktari, maana huenda kuna maumivu yaliyofichika.

Jirani ajulishwe kabla ya usiku wa kwanza

Sehemu hii ni yetu zaidi kuliko ya daktari. Mwenye kuhamia mtaa mpya na mbwa mzee na apige hodi kwa majirani wa kuta zote, mchana wa siku ya kwanza, aseme: tunaye mbwa mzee, amechanjwa, huenda akalia siku chache, tunashughulika naye, na akizidi mniambie mimi mwenyewe. Maneno hayo hayagharimu faranga hata moja. Jirani aliyeambiwa huhesabu siku akingoja zipite. Asiyeambiwa huhesabu makosa. Shefu wa mtaa naye ajulishwe, pamoja na wanaofanya irondo, ili wasidhani kwamba mlio wa saa nane ni ishara ya mwizi, wala wasimrushie mawe mbwa asiyewasikia wakija.

Jirani anayesumbuliwa ana haki yake pia, nasi hatumwambii avumilie bila kikomo. Aanze na mwenye mbwa, kisha shefu wa mtaa, kisha kamati mseto ya usalama; polisi tuko baada ya hapo, nasi tunafurahi zaidi shauri linapoishia njiani. Nyama yenye sumu ni jambo jingine. Aliyeitupa hawezi kuchagua nani ataiokota, na kumwua mnyama wa mtu kwa makusudi humpeleka mtu mbele ya sheria hata kama kweli alikuwa amenyimwa usingizi.

Mwenye mbwa naye akumbuke kwamba sheria yetu ya madai humbebesha mzigo wa madhara yanayoletwa na mnyama wake, awe chini ya uangalizi wake au awe ametoroka. “Alikuwa amepotea” haimtoi mtu katika deni. Mbwa mzee aliyehamishwa hutoroka kuliko wengine, kwani hujaribu kurudi alikotoka, na wa Kinindo aliyepelekwa Gihosha atavuka barabara zote za mji akielekea ziwani. Ukanda shingoni wenye namba ya simu ya mwenyewe ni jambo dogo lililowarudisha wengi.

Liko pia lile la kumwacha. Wapo wanaohama na kumwacha mzee kwenye lango la nyumba iliyozama, wakidhani kwamba atajitafutia. Hajitafutii. Hula takataka, huungana na mbwa wa mitaani, chanjo yake huisha muda, na hatimaye huwa yule mbwa asiye na mwenyewe anayeletewa taarifa kwetu baada ya mtoto kuumwa. Wengine huja kumwomba askari ampige risasi. Silaha ya polisi haikutolewa kwa kazi hiyo, na risasi katika mtaa wenye nyumba zilizobanana haina uhakika wa kusimama ilipolengwa. Mnyama aliyefikia mwisho, asiyeweza tena kusimama wala kula, daktari wa mifugo anaweza kumpumzisha bila maumivu, akazikwa kwenye shimo refu mbali na kisima.

Ulinzi wa nyumba yenyewe

Mbwa aliyezeeka hapaswi kuhesabiwa tena kuwa mlinzi. Wezi wa mji huu huchunguza nyumba kabla ya kuiingia, na mbwa asiyeinua kichwa mpita njia akikaribia ni habari njema kwao. Mwenye nyumba aliyezoea kulala akimtegemea yeye akague komeo za milango, taa ya nje, na urefu wa ukuta upande wa nyuma. Akileta mbwa kijana, wawili hao walishwe mbali mbali na walazwe mbali mbali kwa majuma ya kwanza. Mzee abaki na mahali pake, na mgeni ndiye atafutiwe pengine.

Aliyeajiri mlinzi wa usiku, yule ambaye Kirundi humwita umuzamu kwa neno zamu la Kiswahili chetu, amkabidhi mbwa kama anavyomkabidhi funguo. Amtambulishe mchana, si saa moja ya usiku wa kwanza wa kazi. Amwambie jina la mbwa, sikio lipi linalosikia kidogo, upande upi asimwendee, saa ya kumtoa kukojoa, na kwamba akilia kwa sauti ndefu ya namna moja amepotea na anahitaji kuongozwa, lakini akibweka kwa kukatiza akiwa ameelekea ukutani, taa iwashwe na ukuta ukaangaliwe. Mbwa mzee huweza kukosea mambo mengi, lakini pua yake ndiyo ya mwisho kuchoka. Namba ya shefu wa mtaa na ya kituo cha polisi kilicho karibu ziandikwe mlangoni mwa kibanda, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mwanga wa ile taa ndogo ya mbwa unafika.